Taa ya Spana Baada ya Rangwe

Mkitaka kuniita mwongo, niiteni. Mama yangu bado yuko hai kule Oyugis, mkamuulize mwenyewe.

Alasiri moja nilikuwa nampeleka hospitali Homa Bay. Pumu ilikuwa imembana, amelala kiti cha nyuma akivuta pumzi kwa shida, na mvua inanyesha ile ya kuficha barabara. Gari lilikuwa la mtumba, nimelinunua juzijuzi tu. Tulipopita Rangwe, taa ya manjano yenye picha ya spana ikawaka kwenye dashibodi. Sikuwa nimewahi kuiona. Injini ikifa hapa, mama nitambeba mgongoni?

Nikasimama kando, mkono tayari kwenye ufunguo.

"Omera, ndugu yangu, usizime."

Mwanamume alikuwa ameinama dirishani kwangu, ameshika mlango kwa mikono miwili. Alitoka wapi? Pembeni palikuwa na mahindi tu. Mvua yote ile, na shati lake kavu.

"Hiyo spana si ugonjwa," akasema polepole. "Gari linahesabu kilomita, zikifika linakukumbusha service. Oil na filta, basi. Mama utamfikisha. Ya kuogopa ni ile nyekundu, yenye kibirika kinachodondosha tone. Hiyo ikiwaka, injini haipati oil, zima palepale. Mimi sikuzima."

Nilitaka kumuuliza kilichompata. Ndipo mama akasema kutoka nyuma, kwa sauti ndogo:

"Wuoda, mwanangu, mwambie aniondolee mkono begani. Ni baridi."

Mikono ya yule mwanamume nilikuwa naiona, yote miwili, pale mlangoni. Sasa huo wa nyuma ulikuwa wa nani?

Nikageuka. Mama peke yake. Niliporudisha macho dirishani hapakuwa na mtu, wala nyayo kwenye tope.

Nilikanyaga mafuta mpaka Homa Bay. Mama akawekewa oksijeni, akapata nafuu. Kesho yake fundi akamwaga oil, akabadilisha filta, akabonyeza kitufe taa ikazimika.

"Ilikuwa ya kukumbusha tu," akaniambia.

Nikamlipa, nikachukua ufunguo.

Tangu hapo mama hapandi gari langu. Siku za kliniki anapanda matatu, hata mvua ikinyesha, na nikimsihi anachukua mkoba wake anatangulia stendi. Mimi nami sisubiri taa. Service nafanya mapema.

Wewe unayenisikiliza, leo hii fungua kitabu cha gari lako, ujue kila taa inasema nini. Usingoje kufundishwa barabarani. Yule aliyenifundisha mimi, sina hakika alikuwa peke yake.