Nilimwambia hata shule za hapa Bukavu zilimukatala

Admin, jina yangu uifiche vizuri, juu hapa Bukavu kila dereva ananijua, na mwenye hanijui amesikia honi yangu. Niko mwanaume ya miaka 48, niko na bibi na watoto. Masomo nilikomea ya pili sekondari, lakini barabara ilinisomesha: Kampala nimelala, Mombasa nimekula, na Kifaransa yangu inatosha kugombana na polisi na kumuomba musamaha hapohapo. Ninachekesha kila mutu. Leo sina kicheko.

Dada yangu alikufa akaniachia mutoto mwanamuke. Nitamuita Neema, lakini haiko jina yake. Nilimulea tangu miaka saba, ananiita tonton, ni kusema mujomba. Tunakaa Kadutu, kwenye mulima, kule mvua ikinyesha udongo unashuka na kuta za watu. Akiwa na miaka kumi na tano, alichimba mufereji nyuma ya jikoni yetu, akapanga mifuko ya muchanga. Majirani walimucheka: "Weye mutoto, unajenga Kinshasa?" Mvua kubwa ikapita, choo ya jirani ikaenda, jikoni yetu ikabaki. Kuanzia siku ile neno lake lilikuwa moja tu: ingénieur.

Mwaka uliopita alishinda mutihani ya serikali, ile ya mwisho ya sekondari, na pourcentage ya juu. Tulimumwangia poudre ya watoto kichwani, njo desturi yetu ya kushangilia, mpaka akawa mweupe mpaka kwenye kope. Furaha ikanipanda. Mbele ya madereva wenzangu wote nikapaza sauti: "Huyu hasomi hapa! Huyu anaenda Ulaya! Mutamuona kwa télé!" Neema akanivuta shati: "Tonton, unasema mingi."

Mwalimu wake wa hesabu alimusaidia kupanga liste ya shule tano za kuomba: mbili za Ulaya zenye kutoa bourse ya kulipia masomo, moja ya Kampala, na mbili za hapa Bukavu, zile zenye pourcentage yake ilikuwa inazipita bila jasho. Mimi nikasema: "Mwalimu, hizi za hapa uzifute. Zinaharibu liste." Akanitazama: "Papa, weye iko dereva. Ukipakia muzigo yote upande moja, kwenye kona inakuwa nini?" Nilicheka, juu jibu nilikuwa nalijua.

Za mbali walizituma kwa internet. Za hapa zilitaka karatasi mukononi: bulletins za points za shule, picha, barua aliyoiandika mwenyewe usiku mbili. Nikasema nitazipeleka miye. Nilifika mpaka kwenye mulango ya shule ya kwanza, siku mbili mbele ya kufunga. Pale nikakuta dereva mwenzangu amesimama na marafiki zake. Akapiga kelele: "Eh, Papa Ulaya! Hapa njo ambassade ya kutoa visa?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikasema: "Niko napita tu, natafuta pneu ya gari." Nikaficha zile karatasi, dossiers zote mbili, ndani ya koti, nikaziweka nyuma ya kiti ya gari. Kesho yake nikapata safari ya Kamituga, matope ikanishika siku sita. Kurudi, milango ilishafungwa. Nikajituliza: Ulaya itamupokea tu.

Ulaya ya kwanza ikakatala. Ya pili ikakatala. Kampala wakajibu nafasi zimejaa. Neema alikuwa anachagua maharagi. Akauliza polepole: "Tonton, na za hapa?"

Nilifungua kinywa niseme ukweli. Kikatoka: "Bamekatala."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

Hakulia. Aliendelea kuchagua, lakini maharagi mazuri akawa anayatupa pamoja na mawe.

Tangu siku ile anauza sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, na bibi yangu sokoni. Règle na compas yake ya kuchora alimupa binti ya jirani. Juma iliyopita mwalimu alifika kwetu, akamuambia shule za hapa zinapokea tena, mpaka Ijumaa ya juma hii. Neema akamujibu kwa heshima: "Mwalimu, Ulaya kunikatala, ninaelewa. Lakini hawa ba hapa balisoma points zangu, bakasema hapana. Akili yangu iko ya kupima samaki."

Mwalimu akashangaa. "Na points zile? Haiwezekani. Juma ijayo kazi itanishika mpaka Alhamisi, Ijumaa nitaenda kuuliza secrétaire wa shule mwenyewe." Kisha akanigeukia. Mimi nikaanza kusema habari ya bei ya mazout ya gari.

Bibi yangu nilimuambia yote. Akasema: "Peleka dossiers hizo leo. Umuambie mutoto kama bamebadilisha mawazo, bamemuonea huruma. Ukweli itamuua." Lakini nikifanya vile, ataingia kwenye ile shule akifikiri aliingia kwa huruma, na kila hesabu ikimushinda atasema walikuwa na haki. Na nikisema ukweli, atajua kama mutu aliyebaki naye duniani alimuibia mwaka muzima na akili yake pamoja, juu ya kicheko ya madereva. Ana baba mwengine wapi wa kumukimbilia?

Jana nilirudi kutoka Kalehe nimechoka. Alikuwa ameniwekea fufu na sambaza kubwa, zile za kuuza. Akasema: "Kula, tonton. Ulihangaika sana juu yangu, ni mimi tu sikuweza."

Sikumeza hata tonge moja.

Leo ni Jumatano. Munitukane, ninastahili, lakini mukimaliza kunitukana munishauri kama ndugu: Ijumaa mwalimu asinitangulie. Nikae mbele ya huyu mutoto, nianze na neno gani?