Fundi wa Meno Aliyeuziba Mwanya wa Bibi

Saa mbili asubuhi, binti mmoja ameshika meno ya mtu kiganjani na anayapuliza vumbi. Anayageuza, anayasogeza dirishani, kisha anayarudisha kwenye mashine ya kung'arishia. Mashine inalia ngwee, yeye anaguna tu.

"Leo ndiyo leo," anasema. "Bibi anakuja saa nne. Akiyakataa tena, kwisha habari yangu."

Chuoni wanamwita Mama Meno, ingawa mtoto hana na mchumba ndiyo kwanza anajitokeza. Yuko mwaka wa mwisho, anasomea ufundi wa meno ya bandia. Karakana hii ndogo, yenye meza tatu na harufu ya nta iliyoyeyuka, inahitaji fundi mmoja, na nafasi hiyo ameitolea macho tangu mwaka wa kwanza. Wenzake walisema kazi wataitafuta wakishamaliza. Yeye alibisha hodi hapa, akaomba kufagia siku za Jumamosi.

"Nilijipangia: mwaka wa kwanza nione kazi inafanyikaje. Wa pili nishike plasta, nimwage kalibu za vinywa vya wateja. Wa tatu nipange meno mwenyewe. Nikimaliza chuo, hapa wasinione mgeni."

Anacheka. "Walinisema, we! 'Umekuja chuo kusomea ufagio?' Mama naye alinuna. Alishawatangazia majirani kwamba mwanawe atakuwa daktari."

Mwenye karakana, mzee mpole ambaye kila mtu humwita Mjomba, alidhani binti angechoka mapema.

"Thubutu! Huyu ni king'ang'anizi. Akifagia anauliza, akiosha vyombo anauliza. Mwishowe nikaona bora nimfundishe, nipumzike."

Mwezi uliopita Mjomba alimpa kazi ya kwanza ya kuifanya peke yake, mwanzo hadi mwisho. Mteja akiridhika, ajira ni yake. Mteja mwenyewe alikuwa bibi mmoja mcheshi aliyebaki bila jino hata moja la juu. Mama Meno akajituma kwelikweli. Akampangia meno meupe, yamenyooka, yamebanana vizuri kama alivyofundishwa darasani.

Bibi akayavaa, akajitazama kwenye kioo, akayavua.

"Mazuri, mjukuu wangu," akasema. "Sasa mwenyewe yuko wapi?"

Kumbe bibi alikuwa na mwanya tangu utotoni, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza.

"Marehemu mzee wangu alinipendea mwanya huo! Nikimkuta huko mbele nimeuziba, atanijuaje?"

Mama Meno alicheka mbele ya bibi, kisha akaenda kulia chooni.

"Niliumia, nisikufiche. Miaka yote ile, halafu naangushwa na kiupenyo hivi!"

Mjomba hakumfokea. Alimwambia arudie, basi. Binti akanawa uso, akamfuata bibi nyumbani na kuomba picha yoyote ya zamani ambayo anacheka. Akapewa ya harusi. Tangu siku hiyo hagusi plasta kabla hajamchekesha mteja na kumuuliza meno yake yalikaaje. Kwa vichekesho vyake vibovu, nashangaa wateja hawajamkimbia.

Saa nne imepita kidogo, bibi anaingia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Haya, lete tuone."

Bibi anayavaa. Mjomba anajifanya anatafuta kitu kabatini. Mama Meno amekishika kitambaa cha kufutia meza kwa mikono miwili. Bibi anasogelea kioo, anapitisha ulimi mbele, anakunja midomo, na ghafla anapiga mluzi mrefu unaofika barabarani.

"Hee! Umerudi, mpenzi wangu!" anauambia mwanya wake.

Kicheko kinalipuka. Mama Meno anacheka huku machozi yanamtoka, na safari hii haendi chooni.

Mjomba analitazama koti la binti, lililoandikwa MWANAFUNZI mgongoni.

"Ukimaliza mtihani, hilo warudishie chuo," anasema. "La hapa nitakushonea."

Hatua inayofuata ameshaipanga: atajifunza meno ya chuma, ambayo Mjomba peke yake ndiye anayeyaweza. Baada ya hapo, akijaliwa, atafungua karakana yake. Namuuliza ataanza kwa kununua mashine gani.

"Mashine baadaye," anasema. "Nitaanza na ufagio. Kuna mwanafunzi atakuja kubisha hodi."