Mkoko Uliodhaniwa Umekufa

Juzi kwenye mikoko ya Miritini nilimkuta afisa wa misitu akitia alama nyekundu kwenye miti iliyokauka, ikatwe ipishe miche mipya. Mama mmoja wa kikundi cha kupanda mikoko akasimama mbele ya mti uliopukutika majani yote, ambao afisa alikuwa ametoka kuupaka alama.

"Huu haukatwi, mwanangu."

"Lakini mama, huu umekufa."

Mama akakwaruza gome kwa ukucha. Chini yake palikuwa kijani kibichi. Afisa akainama, akapagusa kwa kidole, kisha akaifuta ile alama nyekundu, kabla rangi haijakauka, kwa shati lake.

"Nionyeshe na mingine, mama."

Wakaipitia upya, mti kwa mti, mpaka maji yakaanza kujaa. Mitano ikapona. Nimezunguka ofisi nyingi Mombasa hii. Afisa anayefuta kosa lake mbele za watu, wallahi, sikuwa nimemwona.