Uji Wangu, Uma Wake

Leo nimemharibia mkufunzi somo, na siombi msamaha.

Sisi wataalamu wa kutibu matatizo ya kusema na kumeza tulikuwa mafunzoni Naguru. Mkufunzi, mgeni kutoka nje, akatuonyesha unga wa kuongezea maji uzito, ili mgonjwa wa kiharusi asipaliwe.

Nikauliza, "Kampala unauzwa wapi?"

"Mtaagiza nje."

Nikamwambia wagonjwa wangu wa Nateete wanatumia uji wa ulezi.

Akacheka. "Dada, huo ni uji tu."

Ahaa!

Kipimo alitufundisha mwenyewe: chota kinywaji kwa uma, tazama kinavyodondoka. Nikafungua thamosi yangu ya uji wa saa nne, nikachukua uma wake, nikachota.

Ukadondoka polepole, sawasawa na maji yake ya unga.

Jamani, nyinyi mngenyamaza?

Kisha mwenzetu mmoja akafungua daftari. "Unaupikaje?"

Mkufunzi akaanza kujibu.

"Samahani, namuuliza dada."