Kofia za Askari wa Ijumaa Kuu

Mimi ni fundi wa chuma hapa Kisumu, mwanamke, na asiyependa, shauri yake. Natengeneza majiko, mageti na masanduku ya shule. Mwaka mmoja parokia yetu iliniagiza kofia za askari wa Kirumi, za kuigizia Njia ya Msalaba siku ya Ijumaa Kuu. Mdogo wangu alikuwa amechaguliwa kuwa Yesu.

Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja wa mtaa wa Milimani, alikuja na picha kwenye simu. Nikamwonyesha pale Warumi walipoacha nafasi ya masikio.

"Ziba hapo, fundi," akasema. "Mwaka jana askari anampiga Bwana, na mtu anapiga kelele, 'Yawa, si huyu ni yule wa bodaboda!' Watu wakacheka. Mwaka huu sitaki kuona sura ya mtu."

"Mama, hawatasikia kitu."

"Wewe gonga chuma."

Nilinuna siku nzima, lakini niligonga. Nilikata mapipa ya mafuta, nikayakunja juu ya gogo, nikachomelea mabamba ya mashavu hadi shingoni, juu nikafunga katani nyekundu. Ya kwanza niliivaa mwenyewe. Nikasikia pumzi yangu tu. Mdogo wangu alikuwa mbele yangu, mdomo unaenda, na mimi sisikii neno. Nilipoivua, kumbe ananiuliza kama inabana.

Mdogo wangu alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu. Jua likimkausha, maumivu yanamshika mifupa na kifua, na kifua ndicho kiliwahi kumlaza hospitali akawa karibu kufa. Nilimwambia aache. Akacheka. "Nyaminwa, dada yangu, usiogope. Rafiki yangu ndiye askari wa karibu, ana maji ndani ya joho. Nikitaka nitamwambia."

"Utamwambia na nani atasikia?"

"Nitapaza sauti."

Ijumaa Kuu tulitoka mtaa wa Nyalenda jua likiwa kali. Ngoma, nyimbo, vumbi. Mimi nilikuwa nyuma kidogo na wanawake. Mdogo wangu alipoanguka mara ya kwanza, hakuna aliyecheka. Zile kofia zilitisha kweli. Watoto walijificha kwenye sketi za mama zao. Ya pili, aligeuza uso kwa rafiki yake, nikaona midomo ikisema kitu, na yule rafiki akainua mjeledi wa katani: "Inuka!" Nikaanza kusukuma watu. Walikuwa wengi mno. Ya tatu aliinuka akijishika kifua, na mama mmoja kando yangu akasema, "Huyu kijana anajua kuigiza."

Kisha akaanguka tena.

Yesu huanguka mara tatu. Kila Mkatoliki anajua hivyo. Nilipiga ukunga, na watu wakanipisha kwa heshima, wakidhani mimi ni mmoja wa wale wanawake wa Yerusalemu. Wengine walinielekezea simu. Nilipofika, rafiki yake alikuwa bado anamchapa. Nilimvua ile kofia kwa nguvu. Ndani alikuwa amelowa jasho, macho mekundu.

"Mbona hakusema?" akauliza.

Mdogo wangu alifariki kabla hatujafika hospitali. Kwenye mazishi yule mama wa kamati alinishika mikono yote miwili, akaniambia nisilie sana, maana watu wengi walitubu siku ile. Nikaichomoa mikono yangu.