Milango Kumi na Tisa Ukutani mwa Soko

Saa moja asubuhi, mvua imekatika sasa hivi. Mchora mabango anayeitwa Mama Brashi amesimama mbele ya ukuta wa soko, brashi sikioni, anacheka peke yake. Chokaa iliyopakwa juzi inabanduka vipande vipande, na chini yake milango aliyoichora inachungulia.

Ni milango kumi na tisa, kila mmoja umenakiliwa kutoka nyumba ya kweli: rangi yake, kitasa chake, ufa wake. Nyuma ya kila mmoja mwanamke alipigwa, majirani wakaongeza sauti ya redio.

“Huu wa buluu ni wa dada yangu,” anasema. “Niliupaka mwenyewe alipoolewa. Miaka minane baadaye akatolewa hapo hapo, kafunikwa shuka. Shemeji hakufungwa, yuko nje, anadunda. Basi na mlango utakaa nje.”

Hii ni mara ya tatu wakubwa wa soko kuufuta ukuta. Kwanza walisema unachafua soko. Kisha, hauna kibali. Sasa, unafukuza wateja. Sisi wa sokoni tunazikumbuka sababu zote tatu. Siku waliyotuma mtu kuuliza wenye milango wako wapi, hiyo hatuikumbuki.

Kosa lao ni kutoijua kazi. Mama Brashi huchora kwa rangi ya mafuta, ingawa kopo moja humeza malipo ya mabango mawili. Chokaa haishiki juu ya mafuta.

“Mama, una kichwa kigumu wewe!” anafoka msimamizi wa soko. “Watu wanaona aibu kupita hapa.”

“Aibu ya nini, baba? Mimi nimechora mbao tu.”

Wauza nyanya wanaangua kicheko.

Ukuta una sheria moja: anayetoka nyumba ya kipigo akiwa hai huja kuufungua mlango wake kwa mkono wake. Leo ni zamu ya muuza viazi, aliyehama na wanawe wiki iliyopita. Anapokea brashi.

“Nitaharibu, dada.”

“Haribu. Ni wako.”

Anavuta mstari wa njano ubavuni mwa mlango wa kijani, kama mwanga unaopenya. Mlango unafunguka.

“Wa saba kufunguka huo!” Mama Brashi anapaza sauti, msimamizi asikie.

Kisha anaifuta brashi, taratibu. “Nimeshapeleka barua ya kuomba kuchora ukuta wa ofisi yao. Urefu wake hatua arobaini na mbili, nimeupima. Wakikataa, waje wanikatalie hapa, mbele ya wanawake hawa.”