Kayaki Iliyobebwa Mgongoni

Enzi zetu, sisi watoto wa Shituru, mtaa wa mji wa Likasi huko Kongo, gari halikuwa kitu cha kukaa ndani. Pikapu ya papa, yaani baba yetu, ambayo mtaa mzima uliiita kamioneti, ilikuwa ya kubeba, na watoto tulihesabiwa pamoja na mzigo. Tulikaa nyuma juu ya magunia, vumbi jekundu mpaka kwenye meno, tukiimba nyimbo za kwaya hadi sauti zikauke. Leo wanangu wakisikia hivyo wananiuliza mkanda wa usalama ulikuwa wapi. Nawajibu kwamba tulishikana mikono.

Katika mizigo yote ile, ninaoukumbuka zaidi ni kayaki ya dada yangu Ngalula. Kwa ambaye hajawahi kuiona, kayaki ni mtumbwi mwembamba na mrefu wa mtu mmoja, umefunikwa juu na kuachwa tundu la kukalia. Vijana wa kanisa letu walipewa mbili kuukuu na familia ya wazungu iliyokuwa inarudi Ulaya. Ganda lake lilikuwa gumu lakini jembamba. Likigonga chuma, linapasuka kama kibuyu. Tulijua, kwa sababu moja tulikuwa tumekwisha kuipasua.

Kila likizo kubwa, vijana wa makanisa walikutana kando ya ziwa Tshangalele, upande wa Kapolowe, kwa ibada, chakula na mashindano ya kupiga kasia. Na sisi watu wa Likasi, kwa kufunga mzigo, tuliamini mpira tu. Bila shaka umewaona wauza makala, yaani mkaa, wakisukuma baiskeli, magunia yamepandana kupita kichwa cha mtu. Yamefungwa kwa tyubu kuukuu za magurudumu zilizokatwa vipande virefu. Unavuta, unazungusha, unafunga, na gunia haliendi popote. Basi papa naye alifunga kayaki ya kwanza kwa mipira, akaipiga kofi, akasema imetulia.

Lakini gunia hujikalia lenyewe. Kayaki ni ngumu, tena inateleza. Kila shimo la barabara liliirusha juu, mpira ukavutika, kisha ukairudisha kwa nguvu kwenye chuma. Tulipofika ziwani, tumbo lake lilikuwa na ufa wa kupitisha mkono. Ngalula alisimama ufukweni siku nzima ameshika kasia, hana cha kuendesha. Watoto wa Kapolowe, wenye mitumbwi yao ya mbao, hawakumwonea huruma. Kiongozi wao, kijana mrefu aliyeitwa Kabwe, alimwita kwa heshima ya dada mkubwa, watu wote wasikie:

"Yaya wa Shituru! Iyo kasia utasonga nayo bukari?"

Ugali wa siku ile haukushuka vizuri kooni mwa mtu yeyote wa kwetu.

Mwaka mzima Ngalula alifanya mazoezi uani, amekaa juu ya kigoda, anapiga hewa kwa kasia. Kuku walizoea kumzunguka kwa mbali. Kayaki ilikuwa imebaki moja tu, na ikipasuka hiyo, hakuna nyingine ya kumpa.

Asubuhi ya safari papa alikwisha kutoa mipira yake. Mama alikuwa amesimama mlangoni, kitinda mimba wetu mgongoni.

"Papa Ngalula, njo mipira tena?"

"Sasa nifunge na nini, mama?"

"Angalia vile minabebaka mutoto."

Akatugeuzia mgongo. Tukacheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Akatuonyesha taratibu, na mimi nakueleza vilevile, kwa sababu hata leo mtu yeyote anaweza kufanya hivyo. Kwanza, mtoto hawekwi juu ya kitu kigumu. Tulitandika mablanketi kuukuu. Kayaki ilikuwa ndefu kuliko pikapu, kwa hiyo tuliuacha mlango wa nyuma wazi, pua ikaelekea mbele, na ubao mrefu ukawekwa chini yake kushika mkia uliotokeza nje.

"Mutoto habamukaze tumbo," mama alisema. "Unamushika chini, unamushika kwa mabega."

Hivyo tulipitisha kamba sehemu mbili, mbali na lile tundu la katikati ambako ganda ni dhaifu. Zilikuwa kamba za hema la ibada, zisizovutika. Nyingine ilitoka puani kwenda mbele, ili kayaki isirudi nyuma tukipanda kilima. Mkiani mama alifunga kipande cha kitenge chekundu, ili dereva wa nyuma aone.

Tukaondoka. Nyumba za mwisho za mji zilikuwa hazijapotea machoni, mama akasema, "Simama."

"Tumetoka sasa hivi tu!"

"Shuka, ukaze."

Kila mwanamke anajua: ukishambeba mtoto, unatembea kidogo, kitenge kinajipanga, kisha unasimama, unainama, unakaza upya. Papa alishuka akinung'unika. Akashika kamba ya nyuma, na ngumi yake nzima ikapita chini yake. Akaikaza kwa nguvu zote. Kisha akaanza kucheka peke yake barabarani.

"Mama! Mutoto alikuwa anataka kuanguka!"

Tulipofika, Kabwe alikuja na wenzake. Alipitisha kiganja tumboni mwa kayaki, kutoka puani hadi mkiani, akitafuta ufa.

"Iko muzima," alisema, kama mtu aliyepokea habari za msiba.

Mashindano yalipoanza, mitumbwi ya mbao ilitangulia, kwa kuwa wenyewe waliyajua maji. Lakini kwenye matete Ngalula aliwafikia, na baada ya matete tuliona mgongo wake tu. Mama alipiga vigelegele mpaka mtoto akaamka. Ngalula alipotoka majini, alikwenda moja kwa moja kwa Kabwe, akamkabidhi kasia iliyokuwa bado inadondosha maji.

"Kamata. Songa bukari."

Juzi binti wa Ngalula alikuja kwangu na kayaki ya plastiki, isiyopasuka hata ukiiangusha. Alikuwa na mikanda yenye vyuma vya kukazia, na simu iliyomfundisha kila kitu; kabla ya kufunga chochote alijipiga picha kwanza. Alipoondoka na wenzake, hakuna aliyekaa nyuma akiimba. Muziki ulitoka ndani ya gari, madirisha yamefungwa. Mama hayupo tena, na nilibaki barabarani nikiwaza kwamba vya kwetu vimekwenda naye.

Gari lilifika pembeni ya reli, likasimama. Msichana akashuka, hakuna aliyemwambia. Akainama, akashika mkanda wa nyuma, akaukaza upya. Kisha akaipigapiga kayaki mgongoni, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto, akapanda, wakaenda.